Mtu wa Posta na Mbwa wa Getini: Maswali Yenu

Safu iliyopita niliandika kuhusu mgongo wa mtu anayeshinda siku nzima na mkoba wa barua begani. Majibu mliyoniletea hayakuwa na habari na mgongo. Karibu wote mmeuliza kuhusu mbwa, basi leo ni mbwa.

Nimeanza kazi ya kupeleka barua mwezi huu. Wenzangu wananiambia nisihangaike, mbwa anayebweka haumi. Ni kweli?

Huyo anayebweka na anayeuma mara nyingi ni mbwa mmoja, ila kwa dakika tofauti. Usiamini hata mkia. Mkia unaotikisika huku mwili mzima umelegea ni salamu. Ulioinuka wima na kutikisika haraka haraka, mwili umekakamaa na macho yamekukazia, huo ni onyo.

Kazi kubwa ifanye ukiwa bado nje ya geti. Litikise, piga hodi kwa sauti, usikilize, halafu ndipo uingie. Tazama kama kuna bakuli la maji, mnyororo, kinyesi, au nyasi zilizokanyagwa hadi zikafanya njia kando ya uzio. Pale mbwa anapiga doria, hata kama leo humwoni.

Akikujia, usikimbie. Huwezi kumshinda mbio, na mgongo unaokimbia unamwita. Simama upande upande, usimkodolee macho, weka mkoba kati yako na yeye, rudi nyuma polepole. Akitaka kung'ata, mpe mkoba, kwa kuwa mkoba hauna mishipa. Ukianguka, jikunje kama mpira, uso chini, mikono imefunika shingo na masikio, na unyamaze. Najua kunyamaza hapo si rahisi.

Mbwa wangu ni mpole, watoto wanamlalia. Lakini akimwona mtu wa posta anakuwa simba. Kwa nini yeye tu?

Kwa sababu kila siku mbwa wako anamshinda. Hebu litazame jambo kwa macho yake: mgeni anakaribia mlango, mbwa anabweka, mgeni anaondoka. Wewe unajua kwamba ameondoka kwa sababu kazi imekwisha. Mbwa anajua kwamba amemfukuza. Kesho mgeni yule yule anarudi, tena saa ile ile, na mbwa anaongeza nguvu kidogo kwa kuwa jana dawa ilifanya kazi. Rudia hivyo miezi sita na utakuwa umemlea askari. Fundi na jirani hawaji kila siku, ndiyo maana yeye peke yake ndiye adui.

Halafu kuna hili neno "mpole". Mpole kwako. Mtu wa posta hakulala naye chumba kimoja tangu akiwa mdogo.

Kabla ya kufungua mlango kusaini kifurushi, mpeleke mbwa chumba kingine na ufunge. Kumshika ukosi kwa mkono mmoja huku unatia saini kwa mwingine hakutoshi, na wengi wameponyokwa hivyo hivyo. Usimtume mtoto kupokea barua mkononi pia. Mbwa akiona mgeni ananyoosha mkono kwa mtoto wake, anaweza kuamua kumlinda.

Mwenzangu hubeba biskuti mfukoni kuwahonga mbwa. Nimwige?

Hapana. Siku biskuti zikiisha mbwa atakuja kudai, na siku ukiwa likizo atamdai mwingine asiyejua deni hilo.

Niling'atwa mkononi juzi, vijitundu viwili tu. Mwenye mbwa anasema amechanjwa, na ananiomba nisifikishe ofisini tusije tukagombana. Nifanye nini?

Kama hujaenda kwa daktari, acha kusoma uende sasa. Kidonda cha mbwa huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili huku ukitazama saa, na hata kama siku imepita bado inafaa kuosha. Usipake pilipili wala majani, na usikifunge kwa kukaza.

Sababu ya haraka hiyo ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kwa kawaida virusi huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu kabla ya dalili, na katika muda huo chanjo huwahi. Tangu mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliposimamia kuchanjwa kwa mtoto Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa, mwaka 1885, tiba imejengwa juu ya nafasi hiyo. Bado watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kila mwaka duniani, wengi wao kwa kuwa hawakufika kwenye chanjo kwa wakati. Maneno ya mwenye mbwa si cheti. Aonyeshe kadi ya chanjo, mbwa achunguzwe siku 10, na daktari ndiye aamue kama utachanjwa bila kusubiri siku hizo ziishe. Muulize na sindano ya pepopunda.

Vijitundu navyo visikudanganye. Jino la mbwa huingiza vijidudu ndani na ngozi hujifunga juu yake. Mkono, wenye kano na viungo vingi karibu na ngozi, huoza upesi kuliko paja. Ukiona wekundu unapanda, uvimbe, au vidole havikunjiki, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu ofisini: ripoti. Umeumia kazini, sawa na fundi aliyeanguka kwenye ngazi. Bila ripoti hakuna matibabu ya kudai, na mwenzako atakayeshika njia yako wiki ijayo ataingia geti lile lile akipiga mluzi.

Mimi ni msimamizi wa wapeleka barua. Tuna nyumba moja sugu. Naruhusiwa kuikatia barua?

Angalia kanuni za shirika lako, lakini mashirika mengi ya posta huruhusu kusimamisha huduma hadi mbwa afungwe, na barua zikachukuliwa ofisini. Marekani, ambako posta ilihesabu zaidi ya mashambulizi 5,800 dhidi ya wafanyakazi wake mwaka 2023, hufanya hivyo, na mbwa anayezurura anaweza kusimamisha barua za majirani pia. Majirani hao humwonya mwenye mbwa vikali kuliko barua yoyote utakayoandika wewe.

Ila nikuulize: habari za nyumba hiyo ziko wapi? Kama ziko kichwani mwa mpeleka barua mmoja, hazipo. Mgeni wa njia ndiye anayeliwa. Andika kwenye orodha ya njia, au kwenye kifaa cha mkononi kama mnacho, tahadhari itokee kabla ya namba ya nyumba.

Milango ya mtaa wangu ina tundu la barua. Vidole vyangu viko hatarini?

Ndiyo, na huyo mbwa habweki, husubiri. Sukuma barua kwa kipande bapa cha ubao au plastiki, vidole vibaki nje. Uingereza, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2020 kwamba mwenye mbwa anaweza kushtakiwa kwa vidole vilivyong'atwa tunduni hata kama hakuwepo nyumbani.

Kidonda kimepona, ila nikifika geti lile mikono inatetemeka. Wenzangu wananicheka.

Waache wacheke. Mwili wako umejifunza kitu cha kweli na unakikumbuka. Omba ubadilishiwe njia kwa muda, au usindikizwe siku za mwanzo, na mwambie daktari kuhusu kutetemeka huko kama ulivyomwambia kuhusu kidonda. Usingizi ukikupotea, rudi kwake mapema. Na geti lile, usiliingie mpaka mtu mzima atoke akuonyeshe mbwa amefungwa wapi.