Vidonge vya majira na kulia ovyo
Dada unayeuliza kama vidonge vya majira ndo vinakufanya ulie ovyo na kumfokea mumeo bila sababu, hujachanganyikiwa, inawezekana kabisa. Hizo homoni haziishii kwenye kizazi, zinafika mpaka kwenye ubongo, tena vingi vinaanzia kazi huko huko, vinazuia ubongo usitume ile amri ya kupevusha yai, sasa ukishagusa huko juu usishangae mudi nayo ikayumba. Denmark walifuatilia wanawake zaidi ya milioni 1, matokeo yakatoka 2016, waliotumia homoni walianzishiwa dawa za sonona zaidi kuliko wasiotumia, na mabinti wa miaka 15 mpaka 19 ndo waliguswa zaidi. Ila usitishike, ni kama 2.2 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka dhidi ya 1.7, na haithibitishi kwamba kidonge ndo chanzo (mapenzi yenyewe yanatosha kumliza mtu jamani). Wengine hawasikii kitu, wengine ndo wanatulia. Mimi nilikuwa naandika mudi yangu kwenye kalenda ya simu, kuna siku nililia kisa kijiko kimeanguka 😅 miezi mitatu nikamwonyesha daktari akanibadilishia aina, nikawa sawa. Usiache tu ghafla bila kinga nyingine, mimba haisubiri, uliza na kitanzi cha shaba maana hakina homoni kabisa. Ila kama yanakujia mawazo ya kujidhuru nenda hospitali leo leo, usingoje kalenda.