Vitabu vya zamani vya kamera na kompyuta: kipi cha kuachwa, kipi cha kutunzwa?

SWALI: Shikamoo, mhariri. Mimi ni kijana wa Bagamoyo, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Nimedunduliza fedha nikanunua kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika, na kaka yangu akanipa kompyuta yake ya zamani. Kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Dar es Salaam nilipata vitabu viwili vya Kiingereza: kimoja cha upigaji picha za dijitali, kilichochapishwa mwaka 2005, na kingine cha kumfundisha anayeanza kuandika programu kwa lugha ya Python, cha mwaka 2007. Cha kwanza kinaeleza kamera isiyofanana na yangu, na cha pili kimenivunja moyo, kwa kuwa mfano wa kwanza kabisa niliouandika ulikataliwa na kompyuta. Je, nimepoteza fedha zangu? Na nikitaka kununua vingine, nitumie kigezo gani? — Msomaji, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Fedha zako hazikupotea zote, ila vitabu hivi viwili havizeeki kwa namna moja: cha picha huchakaa pembeni kiini chake kikabaki kizima, na cha programu kinaweza kuchakaa katika kiini chenyewe.

Katika kile cha picha, ruka bila majuto sura zinazozungumzia kadi za kumbukumbu, vitufe vya kamera na programu za kusafishia picha, kwa sababu hayo yamebadilika mara nyingi tangu mwaka 2005, na ya kamera yako utayapata katika kijitabu cha maelezo cha kamera hiyohiyo. Sura za mwanga ndizo za kusoma mara mbili tatu. Ukipanua tundu la lenzi kutoka f/8 hadi f/5.6 (namba ikipungua, tundu hupanuka), mwanga unaoingia huwa maradufu. Ukipunguza kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga uingie, kutoka 1/250 hadi 1/125 ya sekunde, huwa maradufu vilevile. Na ukipandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 100 hadi 200, picha hung'aa kwa kiasi hichohicho. Hesabu hii ilikuwa kweli enzi za filamu na ni kweli leo. Nakuomba pia utafute mahali kitabu kinapoeleza kipima mwanga cha kamera, maana kwa mpiga picha wa pwani hilo ni jambo la kila siku. Kipimo hicho huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, wa kijivu. Kwa hiyo ukiielekeza kamera kwenye mchanga mweupe au tanga la jahazi linalopigwa na jua, picha hutoka nyeusi kuliko ulivyoona kwa macho, na ukimpiga mvuvi aliyeipa mgongo bahari inayometa, uso wake hupotea gizani. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja (yaani maradufu), pengine moja na nusu, kuliko kamera inavyopendekeza. Nenda Kaole saa saba mchana, kisha urudi saa kumi na moja jioni, upige kaburi lilelile la mawe ya matumbawe kwa vipimo mbalimbali huku ukiviandika daftarini. Sura moja ya kitabu chako cha zamani itakueleza kwa nini picha zile hazilingani.

Kitabu cha programu kina shida nyingine, na naomba usijilaumu, kwa kuwa kosa halikuwa lako. Toleo la tatu la Python lilitoka Desemba 2008, likabadilisha baadhi ya kanuni za lugha kwa makusudi, na toleo la pili likaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kitabu cha mwaka 2007 kinakufundisha kuandika print "Habari", ilhali kompyuta yako inataka print("Habari"), yaani pamoja na mabano. Hilo ni jepesi, kwa sababu kompyuta hulalamika papo hapo. Linalonitia wasiwasi zaidi kwa mwanafunzi ni mabadiliko yasiyopiga kelele: 7/2 katika toleo la pili hutoa 3, na katika toleo la tatu hutoa 3.5, bila onyo lolote, na anayejifunza peke yake anaweza kukesha akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo kitabu hiki kiweke kando. Mafunzo rasmi ya Python yanapatikana bure katika intaneti, na hata lugha yenyewe hailipiwi.

Utakaponunua kingine cha programu, fungua kurasa za mwanzo uone kama kinataja toleo la tatu, halafu uangalie kama kila sura inaishia na mazoezi. Kisicho na mazoezi kirudishe mezani. Kwa cha picha, mimi hupendelea kile kinachoandika chini ya kila picha tundu, kasi na ISO vilivyotumika, kwa sababu bila vipimo hivyo msomaji hubaki kuvutiwa na picha asijue ilivyopatikana. Kuhusu Kiingereza, tenga daftari la istilahi, uandike maana kwa maneno yako mwenyewe. Kitabu kimoja kwa kila somo kinatosha mwaka mzima.

Wala usidhani kwamba masomo haya mawili yako mbalimbali. Picha ya dijitali ni jedwali la namba: kila nukta ya picha ya kawaida ya rangi ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukishafika sura ya vitanzi (amri zinazorudiwa tena na tena) na mafaili, jiwekee zoezi la kuandika programu fupi itakayoyapa majina mapya mafaili ya picha zako za Kaole kwa kufuata tarehe zilipopigwa. Lifanyie katika folda ya nakala, wala si katika folda ya picha halisi, kwa sababu kosa dogo katika mstari mmoja linaweza kufanya picha moja iandikwe juu ya nyingine, na ile ya chini haitarudi.