Mguu Kwanza, Bega Baadaye

Msimu niliokuwa na nguvu kuliko misimu yote ndio msimu niliopitwa zaidi uwanjani. Nilikuwa nimefikisha kilo 98, nikicheza flanka, yaani mmoja wa wachezaji wa mbele wenye kazi kubwa ya kuwaangusha wapinzani, katika klabu moja ya raga jijini Nairobi, na kila jioni nilichuchumaa na chuma cha kilo 150 mabegani, nikiamini kwamba atakayenijia na mpira atajuta. Jumamosi moja winga asiyezidi kilo 75 alinijia, nikajirusha kumkaba, yaani kumwangusha kwa bega na mikono, kutoka umbali wa kama mita mbili, mikono yangu ikakumbatia hewa. Nilipoinuka nikiwa na nyasi mdomoni, alikuwa ameshaweka mpira chini katikati ya milingoti yetu na kupata alama.

Kocha wetu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu: "Mguu wako wa mbele ulikuwa wapi?"

Ulikuwa mbali, na hilo ndilo kosa ninaloliona kwa vijana wengi ninaowafundisha sasa. Bega haliwezi kufika mahali ambapo mguu haujafika. Ukimkaribia mwenye mpira, fupisha hatua, shuka kwa kukunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, kisha kanyaga karibu naye kabisa kwa mguu wa upande uleule wa bega utakalompigia. Macho yabaki kiunoni pake, kwa maana mchezaji anaweza kukuhadaa kwa kichwa na mabega, lakini kiuno hakina budi kuelekea anakokwenda.

Kichwa ndicho kinachonitia hofu zaidi. Unapomkaba mtu kutoka ubavuni, shavu lako liguse tako lake, kichwa kikiwa nyuma yake. Niliwahi kukiweka mbele ya mapaja, goti likanipata shingoni, na mkono wangu wa kulia ukawa na ganzi hadi Jumatatu. Ukigongwa kichwa na kuhisi kizunguzungu, toka uwanjani na usirudi siku hiyo, hata kama timu imeishiwa wachezaji wa akiba. Tena kushuka chini kunamlinda hata mpinzani wako, kwani sheria hairuhusu kumkaba mtu juu ya mstari wa mabega.

Nguvu basi ina kazi gani? Kazi yake huanza pale bega linapogusa: mikono ibane, miguu iendelee kusukuma kwa hatua fupi mpaka mtu aanguke. Kwa hiyo sikuacha kuchuchumaa na chuma, ila niliongeza kujivuta kwenye mtambaapanya na kutembea na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, zoezi linalokaza vidole kuliko mashine yoyote niliyolipia. Shingo nayo isisahauliwe: mwenzako akusukume kichwa polepole kwa kiganja, nawe ukatae kusogea kwa sekunde 10, kila upande.

Wanaoanza nawaweka wawili wawili magotini, mwenye mpira na mkabaji, wakabane bila kasi. Halafu mwenye mpira hutembea, na wiki kadhaa baadaye ndipo hukimbia. Zoezi hilo nalifanya mapema, miili ikiwa na nguvu, kisha nalirudia katika dakika 10 za mwisho, vijana wanapokuwa wameshachoka na kuanza kusimama wima, maana huko ndiko ninakowaona watakavyokaba dakika ya 75 ya mechi.