Andiko la gemu ulipeleke kongamano gani? Jibu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Kwa watakaoingia sasa: kijana yuko mwaka wa pili wa uzamili. Amewapa wanafunzi wa kidato cha pili programu ya hisabati yenye alama, nishani na msimamo kama wa ligi, akawafuatilia wiki nne. Anauliza andiko lake la utafiti alipeleke lipi kati ya makongamano matatu ya watafiti wa gemu: DiGRA, CHI PLAY au GamiFIN. Ameweka pia barua pepe ya kongamano la nne, linalompongeza kwa "utafiti wako mashuhuri" ambao hajautuma popote.

Hilo la nne lifute leo. Kongamano la kweli haliombi ada kabla ya uhakiki, wala halichanganyi kilimo, tiba, uhandisi na gemu kwenye ukumbi mmoja wa hoteli kwa siku mbili. Mwenzangu kazini alilipa dola 450 kwa watu wa namna hiyo. Andiko lilikubaliwa baada ya siku tatu bila hata koma moja kuguswa, na mwaka uliofuata tovuti haikuwepo tena. Pesa iliuma, ila kilichomuumiza zaidi ni kwamba andiko lile lilikuwa zuri, na alishalipoteza huko.

Kuhusu hayo matatu, usiyapange kwa ukubwa wa jina. Kila moja lina kiu yake.

DiGRA ni nyumbani kwa watu wanaolisoma gemu lenyewe: hadithi yake, kanuni zake, walioliunda, wanaolicheza. Kongamano lao la kwanza lilifanyika Utrecht, Uholanzi, Novemba 2003, na tangu hapo limezunguka Vancouver, Tokyo, Atlanta, Melbourne, Kyoto, Kraków na kwingineko. Utakaa katikati ya mwanafalsafa na mtu wa fasihi. Ukifika na jedwali la wastani wa alama za hisabati watakusikiliza kwa adabu, kisha watakuuliza: kwa nini msimamo? Nani aliamua kwamba kujifunza ni ligi? Swali zuri sana, lakini andiko lako kama ulivyolieleza halijajiandaa kulijibu.

CHI PLAY ilianza Toronto mwaka 2014, na inatoka kwa watafiti wa mahusiano ya binadamu na kompyuta. Hawa wanachambua vipimo hadi mfupani. Tangu 2021 maandiko yao kamili yanachapishwa kama makala za jarida, na uhakiki wake ni wa uzito huo. Wiki nne, darasa moja, bila kundi la kulinganisha: nakwambia kwa upendo, halitapita. Wana milango midogo ya kazi zinazoendelea, hiyo unaweza kuijaribu.

Swali lako lina ndugu zake GamiFIN. Kongamano hili linafanyika Finland kuanzia 2017, kwanza katika mji wa Pori, baadaye likafanyika pia Levi, huko Lapland kaskazini. Wala si bahati tu kwamba liko Finland. Fasili ya gemifikesheni inayonukuliwa kuliko zote, kwamba ni kutumia vipengele vya usanifu wa gemu mahali pasipo na gemu, ilitolewa na mtafiti Deterding na wenzake kwenye mkutano wa MindTrek mjini Tampere mwaka 2011. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Finland, Hamari, Koivisto na Sarsa, wakapeleka Hawaii, kwenye kongamano la HICSS, mapitio ya tafiti 24 wakiuliza kama jambo hili linafanya kazi kweli. Walijibu kwamba mara nyingi linasaidia, lakini inategemea linatumika wapi na kwa nani, halafu wakaonyesha udhaifu wa tafiti zenyewe: sampuli ndogo, muda mfupi, kukosa kundi la kulinganisha. Lisome andiko hilo kabla hujatuma chochote. Mhakiki wako amelisoma.

Sasa nikupe yaliyonikuta mimi, maana ndiyo sababu ya kuandika kirefu hivi.

Kongamano langu la kwanza lilikuwa AfriCHI, Nairobi, Novemba 2016. Si la gemu peke yake, ni la teknolojia na watumiaji wake Afrika, na mwaka ule ndio lilikuwa linaanza. Nilipanda basi Arusha, nikavuka Namanga na bango langu la kuonyesha utafiti limeviringishwa kwenye bomba la plastiki. Nauli na chakula vilitoka mfukoni, na sikukopa mtu. Nilisimama mbele ya lile bango siku nzima, na watu walioelewa mgawo wa umeme na bei ya bando wakanirekebisha bila mimi kuwaeleza kwanza Tanzania iko wapi. Hadi leo namshauri kila mwanafunzi aanzie karibu.

Miaka kadhaa baadaye nikaenda Levi. Ni Aprili na theluji bado imejaa, watu wanateleza mlimani, sisi tuko ndani tunabishana kuhusu alama na nishani. Andiko langu lilikuwa linafanana na lako: wanachuo wa ualimu, programu ya msamiati, msimamo unaobadilika kila Ijumaa. Matokeo ya wastani yalipanda na nilijivunia. Nilipomaliza, mama mmoja mtafiti aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, "Wale wa mwisho kwenye msimamo, walifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Takwimu nilikuwa nazo, ila sikuwahi kuzifungua kwa namna hiyo. Usiku ule nikazifungua. Waliokaa mkiani wiki mbili mfululizo, wengi waliacha kabisa kuingia kwenye programu. Wastani ulipanda kwa sehemu kwa sababu wao hawakuwepo tena kuushusha. Niliporudi niliwatafuta. Mmoja wa mabinti akaniambia, "Mwalimu, kila Ijumaa darasa zima lilikuwa linaona jina langu chini." Nililibeba neno hilo muda mrefu. Programu tunayotumia sasa inamwonyesha mwanafunzi alikotoka yeye mwenyewe, msimamo hauna.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujachagua kongamano, rudi kwenye data zako ukawatafute wa mkiani. Ukiwapata, andiko lako si tena "wanafunzi walifurahia na alama zikapanda", ambalo wahakiki wameshalichoka. Utakuwa na jambo la kuwaambia watu, na hata zile wiki nne zitasameheka ukizitaja waziwazi kama mpaka wa utafiti wako.

Mambo ya pesa na viza nayapitia haraka. Maandiko ya GamiFIN huwekwa CEUR, tovuti ya maandiko ya makongamano, ambako yeyote anasoma bure, hata mwalimu wa Kibondo. Ada ya usajili na gharama za kuishi huko ni nzito, kwa hiyo andikia waandaaji mapema uulize kuhusu punguzo la wanafunzi au kazi ya kujitolea. Ombi la viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Finland, linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala usisubiri zile siku 15 za mwisho. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kuna mwaka andiko langu lilikubaliwa, nikachelewa kupata miadi, viza ikatoka kongamano limeshafungwa. Barua ya mwaliko iombe siku ileile unayopata jibu la kukubaliwa.

Umegusia mwishoni kwamba baadaye ungependa kufanya bao la kidijitali. Hapo umenigusa. Wapo watafiti wa michezo ya ubaoni wenye kongamano lao tangu 1990, Board Game Studies, na bao la Kiswahili wanaliheshimu kuliko tunavyodhani. Mtafiti Alex de Voogt alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995 kwa kuwasoma mabingwa wa bao wa Zanzibar: wanavyokumbuka, wanavyohesabu kete 64 zikiwa mwendoni. Wewe uliyekua ukisikia wazee barazani wakitaja maneno ya bao kama kunamua, mtaji na takata, una mlango ambao mgeni hujifunza miaka kuufungua. Ila hilo ni andiko jingine, usilichomeke kwenye hili la hisabati.

Ikisiri yako ukishaipanga upya iweke hapahapa, toa jina la shule na majina ya wanafunzi. Nitaisoma Jumamosi nikiwa nimetulia. Na ukiweza weka pia jedwali la waliocheza wiki kwa wiki, hilo ndilo nitaanza nalo.