Tangi liwe tayari kwanza, aksolotli aje baadaye

Aksolotli, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, anapokufa wiki chache baada ya kufika nyumbani, mara nyingi ameuawa na maji: ama yalikuwa na joto, ama yalikuwa na amonia, sumu itokanayo na kinyesi chake. Yote mawili hutatuliwa kabla mnyama hajanunuliwa, ndiyo maana ushauri huu unaanza na ndoo.

Jaza ndoo maji, iweke pale unapotaka tangi likae, tumbukiza kipimajoto, kisha soma mchana na usiku kwa wiki nzima. Asili ya aksolotli ni ziwa Xochimilco na mifereji yake huko Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwili wake ni wa maji baridi. Anastawi kwenye nyuzijoto 16 hadi 18. Kwenye 20 anavumilia. Joto likikaa juu ya 22 anaanza kudhoofika, na 24 ni hatari. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, na kiasi kilekile cha amonia huwa sumu kali zaidi humo.

Ndoo ikisoma 20 au 21, feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji inaweza kushusha nyuzi 2 hadi 4, ingawa chumba chenye unyevunyevu mwingi huipunguzia nguvu. Maji yatapungua kwa mvuke, kwa hiyo yaongeze kila siku chache. Ndoo ikisoma 27, feni haitoshi: unahitaji mashine ya kupozea maji, na kama huimudu, tafadhali usimchukue mnyama huyu. Chupa za barafu ni za dharura tu. Ukizitegemea kila siku, joto litapanda na kushuka, na kuyumba huko kunamchosha.

Tangi lenyewe lipime kwa eneo la sakafu, maana aksolotli hutembea chini na hahitaji kina kikubwa. Aliyekomaa hufika urefu wa sentimita 20 hadi 30. Lita 75 hutajwa kama kiwango cha chini, lakini ni mnyama mchafu sana na maji machache huharibika upesi. Ningeshauri sakafu ya sentimita 90 kwa 45, yaani kama lita 150. Meza ibebe uzito huo, kilo 150 za maji pekee. Mfuniko wa wavu ni lazima, kwani huruka.

Chini acha kioo kitupu au weka mchanga laini, chembe zisizozidi milimita 1. Changarawe usiiweke kabisa. Aksolotli hula kwa kufungua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na kila kilicho karibu. Kijiwe kikiingia, kinaweza kuziba utumbo. Wadogo chini ya sentimita 15 wakae bila mchanga, na kwa kuwa kioo kinateleza, walazie vigae visivyong'arishwa. Ongeza maficho mawili, kwa mfano vipande vya bomba pana ambavyo kingo zake zimesuguliwa kwa msasa. Hana kope, hivyo mwanga uwe hafifu.

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inafaa sana. Ukipenda filta yenye nguvu zaidi, elekeza maji yanayotoka humo yagonge ukuta wa tangi, yavunjike kasi. Baadaye matamvua ya aksolotli, yale mashungi ya kupumulia kando ya kichwa chake, ndiyo yatakayokuambia kama mkondo ni mkali: yakiwa yamepinda kuelekea mbele muda mrefu, kwanza pima maji, na kama ni safi, punguza mkondo.

Sasa kazi inayohitaji subira. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo ni nafuu. Inabidi uwafuge kwanza. Jaza maji na utie dawa ya kuondoa klorini na kloramini, kemikali za kuua vijidudu kwenye maji ya bomba; dawa hiyo isiwe na mshubiri (aloe vera). Kulaza maji usiku kucha hakutoshi, maana kloramini haiondoki hivyo. Washa filta, kisha tia amonia safi hadi kipimo cha matone kisome miligramu 2 kwa lita. Tikisa chupa ya amonia kabla ya kuitumia. Povu likibaki juu, ina sabuni, itupe. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda na kung'ang'ania juu kwa muda, halafu nitrati itajitokeza. Kila amonia inapokaribia sifuri, ongeza nyingine hadi isome 2 tena. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8. Kila kitu kikisimama, pima pH, yaani kiwango cha asidi: ikiwa chini ya 6.5 bakteria hulegea, na kubadilisha sehemu ya maji huwaamsha.

Tangi limeiva pale miligramu 2 zinapoisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikiwa sifuri. Hapa wengi hukosea. Bakteria hukua haraka kwenye joto la chumba, lakini aksolotli ataishi kwenye nyuzi 17, ambako hufanya kazi polepole. Poza maji kwanza, rudia jaribio kwenye baridi hiyo, ndipo ubadilishe maji mengi hadi nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita.

Usimwekee samaki: wadogo atawameza, na wengine watamng'ata matamvua. Mpe nyungunyungu waliooshwa. Akikataa kula siku chache za mwanzo, ni kawaida. Ondoa mabaki siku hiyohiyo. Kila wiki badilisha asilimia 20 hadi 25 ya maji, na sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba, kwani klorini itaua bakteria wote uliowasubiri.

Amonia au nitriti ikionekana tena, mhamishie kwenye beseni lenye maji baridi yaliyotiwa dawa, lifunike, uyabadilishe yote kila siku, huku ukiendelea kulisha tangi amonia hadi lipite jaribio la saa 24.