Maswali ya Wasomaji: Tai Anatoka Mweusi

SWALI: Nina kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 300. Kila nikimpiga picha pungu, yule tai mwenye uso mwekundu, angani kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, anatoka kama kipande cha makaa, na mabawa hayaeleweki. Lenzi ni mbovu? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Lenzi haina kosa. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, na picha yako karibu yote ni anga. Inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, ndege anabaki gizani. Tafuta kitufe chenye alama ya +/- uongeze hadi +1. Mawingu yakiwa meupe, +1.7. Anga litapauka. Liache lipauke, mradi jicho lionekane. Ila pungu akishuka mbele ya miti, rudisha sifuri papo hapo, la sivyo ule uso mwekundu unapotea. Kwa kwazi, tai mla samaki, ni kinyume: kichwa na kifua chake ni cheupe, kwa hiyo akitua penye kivuli punguza hadi -0.7.

Mabawa yanataka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde. Akiwa ametua, 1/500 inatosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, mwisho 3200. Fokasi iwe ya kufuatilia, kwa pointi chache za katikati. Ukiziwasha zote, kamera itashika nyasi.

Picha bado zina ukungu? Angalia saa. Kuanzia saa nne asubuhi joto la nyasi huifanya hewa icheze, na hakuna lenzi ya kutibu hilo. Tatizo ni kwamba pungu naye husubiri hewa ipate joto ndipo apae, kwa hiyo saa yako ni kati ya mbili na nne. Zima injini ya gari, maana mtetemo wake hufika hadi kwenye lenzi, na uilaze lenzi dirishani juu ya mfuko wa maharagwe kilo mbili (jioni yanapikika). Egesha upepo na jua vikiwa mgongoni mwako: tai huruka kwa kuukabili upepo, basi atakuja upande wako. Akiinua mkia na kunya, yu karibu kuruka: kidole kiwe tayari.

SWALI: Kwenye Ziwa Naivasha, mwenye boti hupiga mluzi na kumtupia kwazi samaki aliyejazwa mafunjo ili aelee. Nikubali? (Msomaji, South B)

JIBU: Sisi hatungekubali, mafunjo si chakula cha tai. Keti karibu na mti wake asubuhi, shata 1/2500, na umfuate tangu anapoacha tawi. Ukingoja afike majini umechelewa.

SWALI: Nimeona kiota cha tai msituni Karura. Nisogee hadi wapi? (Msomaji, Parklands)

JIBU: Usisogee. Akianza kulia au kuacha kiota, tayari umepita mpaka, na kinda aliyeachwa hushikwa na baridi. Ukiisambaza picha, futa kwanza alama ya mahali ambayo simu huibandika yenyewe.