Kamba bapa wa baharini: ni mnyama gani, na anafugika huku kwetu?

Ndugu yangu, umeuliza yule kamba bapa uliyemwona kwenye friza hapa Kampala ni mnyama gani, na kama ukichimba bwawa Entebbe utaweza kumfuga. La bwawa nakujibu kwanza: usitie pesa yako huko. Huyu ni wa maji ya chumvi tangu yai hadi uzee. Akianguliwa ni kama jani dogo jembamba linalopenyeza mwanga, huelea baharini kwa majuma kabla ya kutua chini. Ziwa letu la Viktoria lina uduvi wake mdogo, Caridina nilotica, chakula cha mputa, yaani sangara. Huyo ndiye wa maji baridi.

Nimepika Mombasa, sasa nipo jikoni hapa Kampala. Siku ya kwanza kumshika nilitafuta magando, hana. Pale kamba mawe anapoota papasi ndefu, huyu ana vibapa viwili kama sepetu. Macho yamekaa kwenye pembe kabisa za kichwa, na mgongo ukiupitishia kidole unakwaruza kama msasa. Jina la ukoo ni Thenus. Mwaka 2007 wataalamu waliugawa katika spishi tano. Wa pwani ya Afrika Mashariki ni Thenus unimaculatus. Hukaa kwenye mchanga au tope, aghalabu kina cha mita 10 hadi 50. Mchana hujifukia, usiku hutoka kutafuta kome na wenzao.

Sasa ununuzi, maana kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Niliwahi kupokea katoni ambayo barafu ilikuwa imekusanyika pembe moja. Hiyo ni dalili kwamba mzigo uliyeyuka njiani ukagandishwa tena, nami sikuijali. Nilipompika mmoja nyama ilipondeka kama uji, harufu ya amonia ikajaa jiko zima. Tulitupa yote. Kwa hiyo fungua katoni mbele ya muuzaji, unuse.

Myeyushe ndani ya friji usiku kucha, mpasue kwa urefu, toa ule utumbo mweusi, kisha kitunguu saumu, ndimu na tui. Nyama ikishageuka nyeupe, epua hapo hapo. Ukizidisha inakuwa mpira.

Na ukikuta mayai ya rangi ya chungwa chini ya mkia, tafadhali mkatalie muuzaji. Huko Mumbai nyavu za kukokota zilimchota kamba huyu, majike wenye mayai wakiwemo, na miaka ya 1990 uvuvi wake ukafa.